Kutenganisha seli za kinga kutoka kwenye damu: mwongozo kutoka Bagamoyo

Kabla hujawasha sentrifuji, andika mambo matatu kwenye karatasi: unataka seli gani, unazihitaji ngapi, na ukishazipata utazifanyia nini. Vijana wanaokuja Bagamoyo kujifunza kazi hii hupenda kuanzia kwenye sumaku na mashine za leza, maana ndiko wanakoona utaalamu uliko. Lakini kila hatua ya kutenganisha inakula seli. Anza na seli milioni 10, zipitishe kwenye hatua nne zinazokupotezea robo kila moja, utabaki na milioni 3 na kitu. Msimamo wangu ni huu, na ndio utakaouona katika mwongozo wote: tenganisha kwa kiasi kile tu swali lako linacholazimisha, na mara nyingine usitenganishe kabisa.

Hesabu kwanza

Seli tunazozitafuta ni limfosaiti na monosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu. Kwa pamoja maabara zote huziita PBMC. Mtu mzima mwenye afya hutoa PBMC kati ya milioni 1 na 2 kwa kila mililita ya damu. Ndani yake seli T huwa asilimia 45 hadi 70, seli B asilimia 5 hadi 15, seli NK asilimia 5 hadi 20, monosaiti asilimia 10 hadi 30, na seli za dendriti ni haba, asilimia 1 au 2.

Tuseme unataka seli B milioni 1. Kwa hesabu ya tahadhari, mililita moja ina PBMC milioni 1, na seli B ndani yake ni kama laki moja. Ukiokoa asilimia 70 baada ya kuosha na kutenganisha, mkononi unabaki na 70,000. Kwa hiyo unahitaji damu mililita 15 hivi. Kwa mtu mzima hilo halina taabu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutoka kijiji cha Yombo haliwezekani. Mama yake atauliza, "Damu yote hiyo ya nini?", na kamati ya maadili itauliza hivyohivyo kwa maandishi. Ukipewa mililita 5 tarajia seli B kama 350,000. Watoto wadogo huwa na limfosaiti nyingi kwa mililita kuliko watu wazima, seli B zikiwemo, kwa hiyo unaweza kupata zaidi ya hapo, lakini usipange kipimo kwa kutegemea bahati. Na mgonjwa mwenye malaria kali siku ya homa hupungukiwa na limfosaiti katika damu inayozunguka. Ukihitaji seli nyingi kutoka kwake, subiri ziara ya kufuatilia baada ya matibabu, kama itifaki inaruhusu.

Sasa lile la kutotenganisha. Kama swali lako ni "seli T zenye alama ya CD4 ni asilimia ngapi?" au "ni zipi kati yake zinazotengeneza intaferoni gama?", huna sababu ya kuzitoa zilipo. (CD na namba yake ni jina la protini iliyo juu ya seli, na intaferoni gama ni kemikali ambayo seli za kinga hutumia kupeana ishara.) Zipake kingamwili zenye rangi, zipitishe kwenye saitometa, nayo itasoma seli moja moja na kukuambia ipi ni ipi. Kipimo cha CD4 ambacho watu wengi wanakijua kutoka kliniki za CTC, zile za watu wenye VVU, kilifanywa hivyo: seli zilihesabiwa zikiwa zimechanganyika na wenzake. Kutenganisha kunalazimika pale unapotaka RNA ya aina moja tu ya seli, au kuilea peke yake, au kuchanganya aina mbili kwa uwiano unaoujua, au kuondoa aina moja uone waliobaki watafanya nini bila yake.

Damu na safari yake

Hapa Bagamoyo kazi hii imekua pamoja na majaribio ya chanjo za malaria. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kimo ndani ya eneo la hospitali ya wilaya, na kilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi saba vilivyojaribu chanjo ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Kituo kingine cha Tanzania kilikuwa Korogwe, mkoani Tanga. Baadaye jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya R21 nalo lilifanyika hapa. Jaribio la namna hiyo linaacha somo moja kwa fundi wa maabara: sampuli haikusubiri wewe uwe tayari, wewe ndiye unayeisubiri.

Damu iliyotolewa kijijini Kiwangwa saa 2 asubuhi inatakiwa iwe imepita kwenye sentrifuji kabla ya saa 10 alasiri. Muda wa saa nane ndio mpaka ninaouheshimu kwa vipimo vya utendaji wa seli. Ikikaa kutwa na kucha, granulosaiti (chembe nyeupe nyingine, zenye punjepunje ndani) hubadilika uzito na kuanza kuelea pamoja na PBMC, na hakuna ustadi wa mkono utakaokuokoa hapo.

Tyubu ya kifuniko cha kijani yenye heparini ya sodiamu, dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo ninayoichagua kwa seli zitakazochokozwa au kulelewa. Ya zambarau yenye EDTA, nayo ya kuzuia kuganda, inafaa pia ukiiwahi, na ni bora kama baki la damu litaenda kwenye PCR, kwa sababu heparini huzuia kipimo hicho. Mara damu inapoingia, pindua tyubu taratibu mara nane hadi kumi. Usiitikise. Bonge dogo la damu iliyoganda litakuzibia kolamu ya sumaku (kibomba cha kunasia seli) saa nne baadaye na hutajua lilitoka wapi.

Kisha joto. Watu husikia "sampuli" wakafikiri "barafu". Kwa damu ya PBMC barafu ni kosa, sawa na jua la kwenye kioo cha nyuma cha gari. Tumia boksi la kupozea lenye pakiti za jeli zilizoachwa mezani kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi zifikie kama nyuzi 20, uzifunge kwa kitambaa, na uweke kipimajoto ndani. Damu ifike ikiwa kati ya nyuzi 18 na 25. Mpigie muuguzi wa zahanati kabla gari halijatoka: "Dada, umeweka jeli zipi, za friza au za mezani?" Swali hilo linaokoa sampuli nyingi kuliko mashine yoyote.

Kwenye tyubu iandikwe namba ya utafiti na saa ya kutolewa. Jina la mtu lisifike maabara.

Usalama, kwa ufupi

Ichukulie kila damu kuwa ina virusi vya UKIMWI na homa ya ini B. Chanjo ya homa ya ini uwe umeikamilisha kabla ya kuanza kazi. Glavu, koti la kufunga mikono, miwani, na kazi yote ya kufungua tyubu ifanyike ndani ya kabati la usalama la daraja la pili. Vikapu vya sentrifuji viwe na vifuniko, na ukisikia tyubu imepasuka ndani, zima mashine na usifungue kwa nusu saa. Taka za majimaji zimwagiwe klorini ya asilimia 0.5: kama dawa ya madukani ni ya asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa na sita vya maji, na itengenezwe upya kila siku, kwa sababu joto la pwani huimaliza nguvu. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, na dawa za kinga ya VVU zianze haraka iwezekanavyo, zisivuke saa 72.

Kupata PBMC kwa tabaka

Njia hii ni ya Arne Bøyum wa Norwe, aliyeichapisha mwaka 1968, na mpaka leo haijapata mrithi wa kuitoa mezani. Unamimina damu juu ya kimiminika chenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Wengi wetu tunakiita Ficoll hata kikiwa cha kampuni nyingine. Sentrifuji ikizunguka, chembe nyekundu hushikana na kuzama, granulosaiti nazo ni nzito na huzama pamoja nazo, halafu limfosaiti na monosaiti, ambazo ni nyepesi kuliko kimiminika, hubaki juu yake kama utando mweupe. Chembe sahani nyingi hubaki kwenye plazma.

1. Toa Ficoll kwenye jokofu mapema ifikie nyuzi 18 hadi 20. Chupa ikae gizani, maana mwanga huiharibu.

2. Changanya damu na PBS (maji ya chumvi yasiyoumiza seli) kwa kiasi sawa, moja kwa moja. Kama unataka plazma safi ya kuhifadhi, zungusha damu kwanza, chota plazma, kisha rudishia PBS badala yake.

3. Weka Ficoll mililita 15 kwenye tyubu ya mililita 50. Inamisha tyubu, gusisha ncha ya pipeti ukutani juu kidogo ya kimiminika, na uachie damu iteremke yenyewe. Mililita 25 hadi 30 za damu iliyochanganywa zinatosha kwa tyubu moja. Mpaka kati ya nyekundu na ang'avu uonekane umekatwa wazi. Ukiona mawingu mekundu yanashuka, umeharakisha.

4. Beba tyubu kwa utulivu, sawazisha uzito wa vikapu, zungusha kwa 400 g (hapa g ni nguvu ya mzunguko, si gramu) dakika 30, nyuzi 20, breki ikiwa imezimwa.

5. Plazma ya juu ichotwe mpaka ibaki sentimita moja hivi. Kisha utando. Mkono uwe mwepesi kama wa mtu anayechota tui zito lililopanda juu bila kuyavuruga maji yaliyo chini yake: ncha ya pipeti iguse utando tu, uizungushe kufuata ukuta wa tyubu, unyonye polepole. Ukivuta Ficoll nyingi, granulosaiti zinakuja nayo, na seli zako hazitashuka vizuri kwenye kuosha kwa sababu kimiminika kilichochanganyika bado ni kizito.

6. Jaza PBS mpaka mililita 45 hadi 50, pindua, zungusha 300 g dakika 10. Breki sasa unaweza kuiwasha.

7. Mwaga maji, tingisha kitonge cha seli kilicho chini kwa kidole, jaza tena, zungusha 200 g dakika 10. Mwendo huu mdogo ni wa makusudi: seli hushuka, chembe sahani hubaki zikielea na unazimwaga. Chembe sahani zisipoondolewa hung'ang'ania monosaiti na kukuletea mabonge kwenye kolamu.

Hiyo namba ya g ndiyo inayopotosha wengi. Itifaki za zamani huandika "mizunguko 1,500 kwa dakika" kana kwamba sentrifuji zote ni moja. Pima kwa rula umbali kutoka katikati ya rota mpaka chini ya kikapu kikiwa kimelala, kwa sentimita. Nguvu ya g ni 0.00001118 mara umbali huo, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota yenye sentimita 17 inatoa 400 g kwa mizunguko 1,450 hivi. Yenye sentimita 12 itahitaji kama 1,730. Bandika hesabu hiyo kwenye kifuniko cha mashine yako, na mtu akija na itifaki ya kwao mwonyeshe.

Joto nalo si la kupuuza katika mji huu. Sentrifuji isiyo na kipoza, ndani ya chumba chenye nyuzi 31 mwezi Februari, itakupa utando mwembamba. Ficoll ikipata joto uzito wake hupungua, hivyo seli chache huelea. Pia chembe nyekundu hushikana haraka mno na kuzinasa limfosaiti ndani ya mabonge yao, zikashuka nazo. Kinyume chake, baridi kama ya jokofu huchelewesha kushikana, na dakika 30 hazitoshi. Kwa hiyo kabla ya kulaumu damu ya mtu, angalia kipimajoto.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, usipapatike. Rota hupunguza mwendo yenyewe. Kama zilishapita dakika 20, fungua kifuniko kwa njia ya dharura baada ya rota kusimama kabisa, utazame kwenye mwanga. Utando ukionekana umejitenga, chota uendelee. Usipoonekana, usiguse tyubu, subiri jenereta na umalizie dakika zilizobaki. Kuanza upya na dakika 30 nzima hakuongezi kitu, kunazichosha seli tu. Andika kwenye daftari kwamba umeme ulikatika na saa ngapi. Mchambuzi wa takwimu atakayeshangaa sampuli moja iliyojitenga na nyingine atakushukuru.

Utando ukiwa na wekundu, sababu hutofautiana. Breki iliyosahaulika huvuruga tabaka. Damu iliyochelewa hutoa granulosaiti za juu. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe nyekundu changa na zile zenye kiini hukaa palepale kwenye utando hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kwa hizo tumia bafa ya amonia kloridi kwa dakika chache kupasua nyekundu, uoshe mara mbili. Chembe zenye kiini haziondoki zote, kwa hiyo ziondoe kwenye uchambuzi kwa alama, usizihesabu kama limfosaiti.

Kama unachotaka ni nyutrofili, zile granulosaiti zilizo nyingi zaidi, umekuwa ukizitupa. Ziko chini na nyekundu. Pasua nyekundu, osha, zitumie siku hiyohiyo. Hazivumilii friza.

Kuhesabu

Chukua mikrolita 20 za seli, changanya na mikrolita 20 za rangi ya bluu ya traipani, weka kwenye chemba ya kuhesabia, na usome ndani ya dakika tano kwa sababu rangi yenyewe huua. Zilizoingia bluu zimekufa. Hesabu miraba minne ya pembeni. Mfano: hai 200, zilizokufa 8. Wastani wa mraba ni 50, mara 2 ya kuchanganya, mara 10,000, ni seli milioni 1 kwa mililita. Kama una mililita 10, una milioni 10. Uhai ni 200 kwa 208, asilimia 96. Damu mbichi ikikupa chini ya asilimia 90, rudi nyuma utafute kilichotokea kabla hujaendelea kutumia kingamwili za bei kubwa.

Kuchagua njia

Zamani seli T zilitolewa kwa chembe nyekundu za kondoo. Hushikana na alama ya CD2 iliyo juu ya seli T za binadamu, zikazizunguka kama waridi, zikawa nzito, zikazama kwenye Ficoll. Kwa urahisi wa kondoo ukanda huu mtu anaweza kushawishika, lakini CD2 iko pia juu ya seli NK nyingi, na kuishika kwake huichokoza seli. Naitaja kwa sababu wazo lake limerudi kwa sura mpya: leo kuna mchanganyiko wa kingamwili unaotiwa kwenye damu nzima, ukazifunga seli usizozitaka kwenye chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe, zikazama pamoja. Hiyo ni njia nzuri sana kwa maabara yenye sentrifuji tu.

Kwa monosaiti ipo njia ya bure: miminia PBMC kwenye sahani ya plastiki ya kulelea, saa 1 hadi 2 kwenye nyuzi 37, kisha osha zisizonata. Zilizonata ni monosaiti kwa wingi. Usafi wake ni wa wastani, na seli huamshwa na huko kunata kwenyewe. Inatosha kwa mazoezi na kwa kukuza makrofaji, seli walaji zinazotokana na monosaiti. Kwa RNA siishauri.

Baada ya hapo inakuja sumaku, nayo ndiyo ninayoipigia debe kwa pwani yetu. Sumaku yenyewe haihitaji umeme, haina leza ya kupanga upya kila asubuhi, na mtu aliyefundishwa kwa wiki anaweza kuimudu.

Sumaku hatua kwa hatua

Kingamwili imefungwa kwenye punje za chuma za nanomita 50 hivi, ndogo mno kuliko seli. Seli iliyoshikwa hunaswa kwenye kolamu iliyojaa vitufe vya chuma ndani ya sumaku, zisizoshikwa hupita. Stefan Miltenyi na wenzake walichapisha njia hii mwaka 1990 huko Ujerumani.

Kuna kushika unachokitaka, na kuna kushika kila usichokitaka ukaacha chako kipite. Ya kwanza hutoa usafi mkubwa, lakini seli yako inatoka na kingamwili mgongoni. Kushika CD3, alama ya seli T, ni kama kubonyeza swichi yake, kwa hiyo ukitaka kuzijaribu baadaye, zipate kwa njia ya pili. Kushika CD14 (alama ya monosaiti) au CD19 (alama ya seli B) hakuna madhara makubwa namna hiyo.

Halafu kuna mtego wa CD4. Watu hufikiri CD4 ni seli T basi. Monosaiti nazo zina CD4, kidogo lakini ipo, na punje za sumaku hazijui kidogo. Ukishika CD4 moja kwa moja kutoka PBMC utapata na monosaiti kadhaa, na monosaiti chache tu zinatosha kutoa IL-6 na TNF, yaani saitokaini, kemikali za kupeana ishara, za kukuharibia matokeo. Alama nyingine zina ujanja uleule: CD8 iko juu ya baadhi ya seli NK, CD56 juu ya baadhi ya seli T, CD16 juu ya NK na monosaiti za aina fulani. Seli NK za kweli ni CD56 bila CD3.

Kwa damu kidogo ya mtoto, fuata mlolongo huu: toa CD14 kwanza, chukua zilizopita utoe CD19, kisha zilizopita zitenganishwe seli T za CD4 kwa njia ya kuondoa wengine. Damu moja, aina tatu za seli, na mtego wa monosaiti umeuruka ukiwa unaendelea na kazi.

Bafa, yaani maji ya kufanyia kazi, ni PBS yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.5 na EDTA milimola 2. Itolewe hewa, kwa sababu mapovu huziba kolamu. Zungusha seli 300 g dakika 10, toa maji yote, hata tone, kwa sababu tone hupunguza nguvu ya kingamwili. Kwa kila seli milioni 10 weka bafa mikrolita 80 na punje mikrolita 20. Changanya, weka kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8 kwa dakika 15. Jokofu, si ndoo ya barafu, ambako kushika huchelewa, wala si mezani, ambako punje hushika ovyo. Osha, rudishia mikrolita 500, pitisha kwenye chujio la mikromita 30.

Kolamu ndogo hubeba seli zilizoshikwa mpaka milioni 10, kubwa milioni 100. Iloweshe: mikrolita 500 kwa ndogo, mililita 3 kwa kubwa. Mimina seli. Osha mara tatu kwa kipimo hichohicho, na usiongeze bafa mpya mpaka ya kwanza imeisha juu, lakini kolamu isikauke. Iondoe kwenye sumaku ndipo uzisukume seli kwa bomba lake. Anayesahau kuiondoa husukuma bafa tupu.

Kuna jambo la malaria ambalo itifaki za Ulaya hazilitaji. Vimelea vinapokula himoglobini huacha hemozoini, ile rangi nyeusi, ambayo ina chuma na huvutwa na sumaku. Kolamu hizihizi hutumika kukusanya chembe nyekundu zenye vimelea vilivyokomaa. Maana yake monosaiti iliyomeza hemozoini inaweza kunaswa bila kuwa na punje hata moja, ukaihesabu kuwa seli B. Kwa hiyo kila sampuli ipimwe malaria kwa hadubini siku hiyo. Ikiwa chanya, pitisha PBMC kwenye kolamu kabla ya kuweka punje, tupa kilichonaswa, kisha ndipo uanze. Utapoteza seli kidogo. Ni gharama ninayoikubali bila kusita.

Mashine ya kupanga seli kwa rangi

Mack Fulwyler alionyesha mwaka 1965 kwamba tone moja moja linaweza kupewa chaji ya umeme na kupindishwa kwenye chombo chake, na maabara ya Leonard Herzenberg huko Stanford ikaunganisha wazo hilo na rangi na leza. Mashine hizi ni ghali, huhitaji chumba chenye baridi thabiti na mtu wa kuzihudumia. Zinapata haki yake pale alama moja haitoshi: seli T za udhibiti, ambazo ni CD4 zenye CD25 nyingi na CD127 kidogo, au seli T za kumbukumbu zinazotofautishwa kwa CD45RA na CCR7.

Ukipata nafasi kwenye mashine ya namna hiyo, fika na rangi ya kutambua zilizokufa, tyubu za rangi moja moja za kusahihisha mwingiliano, na tyubu zinazokosa rangi moja kila moja ili ujue mpaka wa chanya uko wapi. Kwa seli hai za kulelewa chagua tundu la mikromita 100, shinikizo lake ni la chini na haziumii sana. Zipokelewe kwenye midia (maji ya kulishia seli) yenye seramu. Na zipunguze kwanza kwa sumaku, maana kupanga PBMC nzima ili kupata asilimia 2 ni kukaa mbele ya mashine mpaka usiku.

Kupima usafi na kugandisha

Tenga seli 50,000 kutoka kila chombo, pamoja na zile zilizopita, uzipake CD3, CD4, CD14, CD19 na rangi ya zilizokufa. Ripoti namba tatu: usafi, uhai, na kiasi ulichookoa. Anayeripoti usafi wa asilimia 98 bila kusema alibaki na seli ngapi amesema nusu. Kwa RNA na vipimo vya saitokaini nataka asilimia 95 kwenda juu, na nataka kujua ile 5 ni akina nani. Seli T zilizochanganyika na seli B kidogo si janga. Zilizochanganyika na monosaiti ni habari nyingine.

Usipozitumia siku hiyo, zigandishe: milioni 5 hadi 10 kwa chupa, kwenye seramu ya ndama yenye DMSO asilimia 10, kemikali ya kuzikinga na barafu. Ukishatia DMSO usianze mazungumzo, kwa sababu kwenye joto la chumba ni sumu kwa seli. Ziweke kwenye chombo cha kushusha nyuzi moja kwa dakika, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri usiku mmoja, kisha tangi la naitrojeni ya kimiminika ndani ya siku chache. Panga ujazaji wa naitrojeni mapema, kabla masika hayajaharibu ratiba za magari. Lebo ziwe za kuhimili baridi, wino wa kawaida hufutika.

Kuyeyusha: maji ya nyuzi 37 mpaka ibaki chembe ndogo ya barafu, ongeza midia ya uvuguvugu tone kwa tone, jaza mililita 10, zungusha, hesabu upya. Mabonge ya kunata yakitokea ni DNA ya zilizopasuka, na kimeng'enya cha DNase huyamaliza. Uhai ukishuka chini ya asilimia 70, seli hizo zisiingie kwenye kipimo cha utendaji. Zitumie kwa DNA, ukafungue chupa ya pili ya mtu yuleyule. Ndiyo sababu ya kugandisha angalau chupa mbili kwa kila ziara, na kuziweka kwenye matangi mawili tofauti.